I Confess (1953): Padri anamjua muuaji, na haruhusiwi hata kumfukuza kazi

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Huu uzi ni wa filamu moja ya zamani ambayo naona haizungumzwi inavyostahili, hata na wale wanaompenda Alfred Hitchcock. Watu watakutajia Psycho, watakutajia Vertigo na Rear Window, halafu hii wanairuka. Inaitwa I Confess, ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, dakika kama 95 hivi. Naijadili mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaitazama na hataki utamu umwishie hapa, akaitazame kwanza ndipo arudi.

Kisa kinatokea mji wa Quebec, Kanada. Usiku. Mwanasheria mmoja, Villette, kauawa nyumbani kwake. Aliyemuua ni Otto Keller, mkimbizi wa Kijerumani ambaye yeye na mke wake Alma wanafanya kazi za nyumbani kwenye nyumba ya mapadri. Keller alikwenda kuiba pesa, mwenye nyumba akamfuma, akamuua. Ili asitambulike alivaa kanzu ya padri, na wakati anatoroka wasichana wawili wanaopita njia wakamwona. Basi taarifa inayofika polisi ni hiyo: padri kaonekana usiku akitoka kwa marehemu.

Keller anakwenda moja kwa moja kanisani. Padri Michael Logan, kijana, paroko msaidizi, anamwona kupitia dirishani anashuka kujua kulikoni. Keller anaomba kuungama. Logan anaingia kwenye kizimba cha kitubio, anasikiliza, na kuanzia dakika hiyo hana tena uhuru wa kujitetea. Inspekta Larrue anaanza kumtafuta padri asiye na maelezo ya usiku ule. Mapadri wengine wote wana maelezo. Logan hana.

Sasa sikilizeni kwa nini nimeanzisha uzi.

Watu wengi wanajua padri haruhusiwi kusema alichosikia kwenye maungamo. Hicho ni kipande tu. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotumika wakati filamu inatengenezwa, na za mwaka 1983 tunazotumia leo, zinakwenda mbali zaidi: muungamishi haruhusiwi kuyatumia aliyoyajua kwa namna yoyote itakayomdhuru aliyeungama, hata kama hakuna hatari ya siri yenyewe kufichuka. Kwa sasa ni kanuni ya 984. Maana yake, Logan anakaa nyumba moja na muuaji, anakula chakula kilichopikwa na mke wa muuaji, na hawezi kumwendea paroko akamwambia "huyu Keller tumtafutie kazi kwingine." Hawezi kuanza kumkwepa. Hawezi kufunga mlango wa chumba chake kwa komeo ambalo jana hakulifunga. Anatakiwa aishi na Keller kama alivyoishi naye jana.

Ndiyo maana Hitchcock alimhitaji Montgomery Clift amcheze Logan. Waigizaji wengi wangetoa jasho, wangekunja uso, wangetuonyesha mateso. Clift hafanyi hivyo. Kila kitu kiko kwenye macho. Tazameni ile sehemu ya kifungua kinywa: mapadri wako mezani, wanaongea mambo yao ya kawaida, na Alma anazunguka nyuma ya viti akiwahudumia. Maneno yanayosemwa mezani hayana uzito wowote. Filamu yote wakati huo iko kwa Alma, anavyomtazama Logan kila akipita, anataka kujua: huyu atasema au hatasema? Anarudi tena, anatazama tena. Logan anajua kwamba anatazamwa. Hakuna neno moja kuhusu mauaji, na mimi sijui sehemu nyingi za filamu zinazobana kifua kuliko hii.

Jambo la pili, na hapa ndipo penye moyo wa hoja yangu: kwenye filamu hii kuna kimya cha aina mbili, na watazamaji wanavichanganya.

Kimya cha kwanza ni cha sakramenti, yaani siri ya maungamo. Hicho Logan hana hiari nacho.

Kimya cha pili kinamhusu Ruth Grandfort (Anne Baxter), mke wa mbunge. Kabla ya vita Ruth na Logan walikuwa wapenzi. Logan akaenda vitani, akaacha kuandika barua, Ruth akaolewa. Siku moja baada ya kurudi, kabla hajawa padri, walikwenda matembezi kisiwani, mvua kubwa ikawakuta, wakalala kwenye kibanda cha bustani. Asubuhi mwenye eneo akawakuta akamtolea Ruth maneno machafu. Logan akampiga ngumi. Mwenye eneo huyo ndiye Villette. Miaka baadaye akaanza kumtishia Ruth kwa habari hiyo ili apate upendeleo kwa mumewe. Usiku wa mauaji Ruth alikutana na Logan kumwomba msaada juu ya jambo hilo hilo.

Hiki kimya cha pili si cha maungamo. Logan angeweza kusema "nilikuwa na Bibi Grandfort" na asingevunja sheria yoyote ya Kanisa. Anakaa kimya kwa kumstahi, ndoa ya mtu isivunjike kwa ajili yake.

Halafu Ruth, kwa upendo, anaamua kusema. Anakwenda kwa Larrue, mumewe yupo, mwendesha mashtaka yupo, anaeleza yote kuanzia siku ya kwanza. Anadhani anamwokoa: nilikuwa naye kuanzia saa tatu mpaka saa tano usiku. Kumbe ushahidi wa kitabibu unaonyesha Villette alikufa saa tano na nusu. Kwa hiyo utetezi hakuna, na papo hapo polisi wamepata kitu walichokuwa wanakikosa, sababu ya Logan kutaka Villette afe. Aliyenyamaza hakumdhuru mtu. Aliyesema kweli tupu, tena kwa nia njema kabisa, ndiye aliyemfunga kamba. Hitchcock hakuhubiri juu ya siri. Alitengeneza hadithi ambamo kusema kunaua na kunyamaza kunaua, halafu akamweka mtu katikati.

Karibuni wadau.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu umechambua vizuri ila mimi nitabaki na upande wangu. Nimeitazama, kwangu haina mantiki. Mtu mzima, aliyepigana vita, anakubali kunyongwa kwa sababu ya dhambi ya kibarua wao? Si angeandika barua isiyo na jina akaitupia polisi? Au hata bila kusema maungamo, aseme tu alichokiona kwa macho: "usiku ule nilimwona Keller akiingia kanisani." Hicho si maungamo, ni macho yake. Steringi gani anakubali kufa kizembe hivyo.

Mleta uzi

Kisiki, swali lako ndilo aliloliogopa Hitchcock mwenyewe. Alimwambia François Truffaut, kwenye yale mahojiano yaliyotoka kitabu mwaka 1966, kwamba pengine filamu hii haikupaswa kutengenezwa, kwa sababu Mkatoliki anaelewa padri hana njia, lakini Mprotestanti, asiyeamini na wengine wote wanaona ni upuuzi, hakuna binadamu atakayejitoa hivyo. Yeye alikulia kwenye familia ya Kikatoliki, akasoma kwa Wajesuiti pale St Ignatius, London. Kwake jambo hili lilikuwa wazi mno hata hakuona haja ya kulieleza kwenye filamu. Mimi naona alijilaumu bure. Huhitaji kukubaliana na sheria ili uone mtu anavyobanwa nayo.

Barua isiyo na jina: hapana. Kuvunja siri si lazima utaje kwa mdomo wako. Ukiandika, ukiashiria, ukimpa mtu kidokezo, ni kitu kile kile. Sheria yenyewe inasema "kwa maneno au kwa namna nyingine yoyote na kwa sababu yoyote ile."

Hilo la macho yake ni zuri zaidi. Ni kweli, kumwona Keller akiingia kanisani si jambo alilolijua kwa maungamo. Lakini fikiria mazingira. Polisi wanamsaka muuaji aliyevaa kanzu. Padri mshukiwa anasema, bila kuulizwa, kwamba usiku ule ule mtumishi wa nyumba, Keller, alikuja kanisani amechanganyikiwa. Ndani ya dakika moja kila mtu ameshaunganisha. Wanasheria wa Kanisa wanatofautisha kuvunja siri moja kwa moja, yaani unataja dhambi na mtu, na kuvunja kwa kuzunguka, yaani maneno yako au matendo yako yanawafikisha watu kwenye dhambi na mtu. La kwanza adhabu yake ni kutengwa na Kanisa hapo hapo, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni Kiti cha Kitume (Vatikani) tu. La pili linaadhibiwa kulingana na uzito wake. Logan anaona hatari ya la pili kila anapotaka kufungua mdomo.

Na angalia Keller anavyoitumia nafasi hiyo kortini. Anapanda kizimbani, anaapa, anauelezea usiku ule kwa kubadilisha viti: aliyekuwa na fadhaa ni padri, aliyemkuta mwenzake amepiga magoti ni yeye Keller. Logan anasikia sakramenti inageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake, na hana la kujibu zaidi ya kusema hayawezi kuwa hivyo. Ukutani kuna msalaba. Kamera inauonyesha, haikai sana hapo.

Kunyongwa haikuwa tishio la maneno. Kanada ilikuwa inanyonga mpaka Desemba 1962, na adhabu ya kifo kwa makosa yasiyo ya kijeshi ikafutwa 1976.

Mama Tunu

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza parokiani, na kila mwaka nakutana na mtoto anayeogopa kwamba padri atamwambia mama yake. Huwa nawaambia mambo mawili. La kwanza, Baba Paroko hawezi kusema hata kwangu mimi mwalimu, hata kwa Askofu. La pili, na hili hata watu wazima hawalijui: wewe uliyekuwa kwenye foleni ukasikia, nawe umefungwa. Jumamosi jioni wakati wa Kwaresima, watu wamejaa, mtu anaungama kwa sauti maana kazeeka na masikio hayasikii vizuri, benchi la mbele wanasikia kila kitu. Kanuni ya 983 inamtaja mkalimani na yeyote mwingine ambaye kwa njia yoyote amepata kuzijua dhambi kutokana na maungamo. Hao nao wanatakiwa kutunza siri.

Kwa hiyo nilipoitazama hii filamu macho yangu yalikuwa kwa Alma. Yeye hakuyajua kupitia kizimba, alielezwa na mumewe nyumbani. Hana kifungo chochote cha Kanisa. Anaweza kusema wakati wowote. Kinachomfunga ni woga na mapenzi. Kila siku anampikia padri anayekwenda kunyongwa kwa ajili ya mume wake.

Mleta uzi

Mama Tunu, ubarikiwe, umeliona jambo ambalo mimi nililipita. Na ndiyo maana ni Alma anayeuvunja mduara. Baraza la wazee wa mahakama linasema lina mashaka makubwa na Logan lakini ushahidi hautoshi, anaachiwa. Jaji mwenyewe hakufurahi. Nje kuna umati unamzomea padri, unamsukuma, yuko mwanamke mmoja anatafuna tufaha huku anatazama. Hapo Alma hawezi tena. Anamkimbilia Logan, anaanza kusema, na mumewe anampiga risasi. Aliyekuwa huru kusema ndiye aliyesema, na ndiye aliyekufa.

Hivi Dolly Haas aliyecheza Alma, kwa nini watu hawamsemi? Clift na Baxter wamesifiwa vya kutosha.

Abuu Salha

Assalaam alaykum wote. Mimi ni Muislamu, nimeingia kwa sababu kichwa cha uzi kimenivuta. Kwetu toba ni baina ya mja na Mola wake, hakuna mtu wa kati wa kumwambia dhambi zako, tena tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu akikusitiri usijifichue. Kwa hiyo hili la kizimba ni geni kwangu. Lakini kumsitiri mtu aliyekuja kwako na aibu yake tunakujua vizuri sana. Swali langu ni la heshima: huyo Keller alitubu kweli? Maana kwetu toba ina masharti: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama umechukua haki ya mtu, uirudishe. Huyu anaungama usiku, asubuhi anaficha kanzu yenye damu kwenye sanduku la padri. Toba gani hiyo? Na kama si toba, siri inabaki siri?

Mleta uzi

Waalaykum salaam Abuu Salha. Masharti uliyoyataja yanakaribiana sana na ya kwetu: majuto, nia ya kutorudia, kurekebisha madhara. Na kwenye filamu Keller anamweleza mke wake kwamba padri alimtaka arudishe pesa. Hakurudisha.

Jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, siri inabaki. Kinachofunga ni kwamba mtu alikuja kuungama kama sakramenti. Hata padri akimnyima ondoleo la dhambi kwa kuona hana majuto, aliyoyasikia hayatoki. Ingekuwa vinginevyo, kila padri angejipa kazi ya kupima nani katubu kweli na nani ni mnafiki, na siri ingeishia kwenye maoni yake.

Kuna jambo linalowashangaza hata Wakatoliki. Mwaka 2019 Idara ya Toba ya Kitume ya Vatikani ilitoa waraka juu ya hili. Inasema padri hawezi kumwekea mtu sharti la kujisalimisha polisi ndipo ampe ondoleo. Inasema pia kwamba hata aliyeungama mwenyewe hana uwezo wa kumfungulia padri mdomo baadaye. Lakini aliyeungama ana mdomo wake. Kwa hiyo filamu nzima, ukiitazama kwa jicho hilo, inamsubiri mtu mmoja tu aseme, na mtu huyo ni Keller.

wakili wa mchana

Niongeze upande wa mahakama. Sheria ya kwanza mashuhuri kwa Marekani ni kesi ya New York mwaka 1813, People v. Philips. Mjesuiti Anthony Kohlmann alirudisha mali ya wizi kwa mwenyewe, alikuwa ameipata kupitia maungamo. Akaitwa aseme nani kampa, akakataa. Mahakama iliyoongozwa na meya DeWitt Clinton ikakubaliana naye, ingawa Wakatoliki walikuwa wachache wasiopendwa sana mjini pale. Mwaka 1828 jimbo likaliweka kwenye sheria iliyoandikwa.

Kanada yenyewe, Mahakama Kuu ya juu kabisa iliamua mwaka 1991 katika R. v. Gruenke kwamba hakuna kinga ya jumla kwa maungamo ya kidini. Kila kesi inapimwa peke yake. Kwa hiyo msidhani Logan analindwa na sheria ya nchi. Analindwa na dhamiri yake tu. Mwendesha mashtaka kwenye filamu hamuulizi kuhusu maungamo kwa sababu hajui kama yapo, na Logan hawezi hata kusema "siwezi kujibu, ni maungamo," maana kwa kusema hivyo tu ameshamwonyesha kidole Keller.

Kipanga

Mnaosema hakuna binadamu wa namna hiyo, someni habari za Padri Mateo Correa wa Mexico. Mwaka 1927, wakati wa vita vya Cristero, jenerali alimtuma akawaungamishe wafungwa, kisha akamtaka aseme walichoungama. Akakataa. Akapigwa risasi tarehe 6 Februari huko Durango. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Huyo si wa filamu.

Yuko na Yohane wa Nepomuk, aliyetupwa mto Vltava, Praha, mwaka 1393 kwa amri ya mfalme Wenceslaus IV. Mapokeo yanasema alikataa kusema maungamo ya malkia. Wanahistoria wanaona ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya uteuzi wa abate, lakini ni mtakatifu tangu 1729 na sanamu yake iko pale darajani.

Nyota Njema

Mimi nasoma tu kimya tangu mwanzo lakini lazima niseme. Mnapendezwa na huyu padri kwa sababu kwenye filamu anayeumia ni yeye mwenyewe. Je, anayeumia angekuwa mtoto? Mtu anaungama kwamba anamwingilia mtoto, padri anatoka anakwenda kula. Hapo mtaniambia kanuni ya 984? Naomba mnijibu bila kunizungusha.

Mleta uzi

Nyota Njema, sitakuzungusha. Swali lako ni zito kuliko filamu.

Wapo wanaofikiri kama wewe na wamelifikisha bungeni. Australia, baada ya Tume ya Kifalme kutoa ripoti yake mwaka 2017 juu ya unyanyasaji wa watoto katika taasisi, jimbo la Victoria lilipitisha sheria mwaka 2019 inayomlazimisha padri kutoa taarifa hata kama amesikia kwenye kitubio, kifungo mpaka miaka mitatu. Queensland ikafuata 2020. Jimbo la Washington, Marekani, lilitia saini sheria ya namna hiyo Mei 2025, na Julai mwaka huo huo jaji wa shirikisho akaizuia isitumike kwa maungamo. Maaskofu wanajibu kwamba siri ikivunjwa mara moja, hakuna mhalifu atakayekwenda kuungama, na nafasi pekee ya mtu kumwambia aache itakuwa imepotea. Wanaowatetea watoto wanajibu kwamba wapo waliokwenda kuungama wakaondolewa dhambi na wakarudi kufanya yale yale.

Ninachoweza kukwambia kwa uhakika ni hiki. Mtoto mwenyewe akimweleza padri kwamba anafanyiwa ubaya, hata akieleza ndani ya kitubio, padri anatakiwa amsaidie aeleze nje ya kitubio ili msaada upatikane; ule waraka wa 2019 wenyewe unasema anayejitambulisha kuwa ni mhanga afundishwe haki zake na njia za kupeleka malalamiko. Na yote anayoyajua padri nje ya kizimba, kwa kuona, kwa kuambiwa ofisini, kwa tetesi za mtaani, hayana ulinzi huu. Waliojificha nyuma ya neno "siri" kwa mambo waliyoyajua ofisini walitenda uovu, na hawana pa kujitetea.

Upande wa mtu mzima anayeungama, mimi ni Mkatoliki na naiamini siri hiyo, na naumia nayo. Hitchcock alimpa Logan mzigo ambao anaweza kuubeba mwenyewe. Umesema kweli hapo. Angempa ule mwingine, isingekuwa filamu hii, na sidhani kama mwaka 1953 kuna kampuni ingethubutu.

Kisiki cha Mpingo

Nimewasoma wote. Bado naona ningemtaja, lakini sasa naelewa kwa nini yeye hamtaji. Swali la mwisho: nimesikia mwisho wa kwanza ulikuwa mwingine?

Mleta uzi

Ndiyo. Hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1902 ya Paul Anthelme. Kwenye mipango ya awali ya Hitchcock, Logan na Ruth walikuwa na mtoto waliyempata nje ya ndoa, na mwisho wake padri ananyongwa, kisha ndipo inajulikana hakuwa na hatia. Warner Bros. hawakukubali, wakihofia Kanisa na wachujaji wa filamu. Hata nafasi ya Ruth ilikuwa ya Msweden Anita Björk. Alipofika Marekani na mpenzi wake na mtoto wao bila ndoa, studio ikaogopa magazeti, akawekwa Anne Baxter.

Watu wengi wanasema mwisho wa kwanza ungekuwa na nguvu zaidi. Mimi sikubali, na sababu yangu ni dakika tano za mwisho. Keller amekimbilia Château Frontenac, ile hoteli kubwa ya Quebec, ana bastola. Polisi wamemzunguka. Logan anaingia ukumbini bila silaha. Keller anaamini padri ameshamtaja, kwa nini tena polisi wamfuate? Kwa hasira anaanza kumshutumu kwa sauti, na katika kushutumu anajitaja mwenyewe kwa kila kitu, Larrue anasikia. Yaani siri haikutoka kwa padri hata chembe. Ilitoka kwa mwenye siri, kwa sababu hakuweza kuamini kwamba kuna mtu duniani atamtunzia. Akinyongwa Logan, tunampoteza Keller huyu. Risasi ya polisi inampata, Logan anamkimbilia, Keller anaomba msamaha, Logan anampa ondoleo. Mtu yule yule, padri yule yule, na safari hii Keller hana cha kuficha.

Kabla ya hapo msikose ile matembezi ya Logan mjini kabla hajajisalimisha. Anapita dukani, dirishani kuna suti ya kiume kwenye sanamu isiyo na kichwa, anaitazama. Kisha kamera iko juu kabisa, mbele yetu kuna sanamu ya Kristo amebeba msalaba na askari wa Kirumi, na Logan anapita chini mdogo kama sisimizi. Tiomkin, mtunzi wa muziki, angeweza kupunguza kidogo hapo, lakini picha ya Robert Burks haina kasoro.

Mama Tunu

Ile ya kwao Quebec nasikia ilikatwa?

Mleta uzi

Ilikatwa, ndiyo. Wachujaji wa Quebec, ambako Kanisa lilikuwa na sauti kubwa wakati huo, waliondoa vipande kabla ya kuonyeshwa huko, na Hitchcock hakufurahi. Mtu wa Quebec mwenyewe, Robert Lepage, alitengeneza filamu mwaka 1995, Le Confessionnal, kisa chake kinatokea mwaka 1952 wakati Hitchcock yuko mjini anapiga picha, na ndani yake kuna padri mwingine kijana mwenye siri nyingine ya kizimbani. Iko kwa Kifaransa. Anayeitaka aitazame baada ya hii, si kabla, maana inaichokoa hii hii. Mkishaimaliza nitafungua uzi wake.